Udada wa herufi za Kigiriki: Maisha ya sororiti katika vyuo vya Marekani

KILA mwezi wa Agosti, kabla masomo hayajaanza, maelfu ya wasichana wa umri wa miaka 18 hupanga foleni juani mbele ya majumba makubwa yenye nguzo nyeupe katika miji ya vyuo ya kusini mwa Marekani. Juu ya milango ya majumba hayo hakuna jina la mtu wala la mtaa. Pana herufi mbili au tatu tu za Kigiriki. Katika Chuo Kikuu cha Alabama pekee, zaidi ya wasichana 2,000 hushiriki zoezi hilo kila mwaka, na tangu 2021, video zao zilipoanza kusambaa katika mtandao wa TikTok, ulimwengu umekuwa ukitazama nani atacheka na nani atalia. Wanachokitafuta ni nafasi ndani ya sororiti.

Neno hilo ni geni masikioni mwa wengi humu nchini, ila kwa familia ambazo mabinti wao wamesafiri ughaibuni kusoma. Mzazi wa Nyeri, Kisumu au Mombasa hupokea simu usiku, akaelezwa na bintiye kwamba amealikwa kujiunga na chama cha wanawake chenye kiapo, siri, rangi na ada yake, naye hukosa kujua kama ampongeze au amwonye. Jawabu hutegemea ni chama gani, katika chuo gani, na mwaliko wenyewe umekuja kwa njia ipi.

Chimbuko

Sororiti ni chama cha wanafunzi wa kike wa chuo kikuu kinachojengwa juu ya wazo la udada. Jina limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya dada. Vya wanaume huitwa frateniti. Kwa pamoja Wamarekani huyaita maisha ya Kigiriki, ingawa hayana uhusiano wowote na nchi ya Ugiriki. Wasomi wa karne za 18 na 19 walifundishwa Kigiriki na Kilatini kama wanafunzi wa leo wanavyofundishwa hisabati, na herufi walizochagua aghalabu zilikuwa vifupisho vya kaulimbiu iliyojulikana na wanachama peke yao.

Chama cha kwanza cha aina hiyo, Phi Beta Kappa, kiliundwa na wanafunzi wa Chuo cha William and Mary, jimboni Virginia, Desemba 5, 1776. Kilikuwa cha mijadala na siri. Baadaye kikageuka kuwa cha kuwatuza wanafunzi bora, na ndivyo kilivyo hadi leo. Frateniti za urafiki na starehe zilishika mizizi katika Chuo cha Union, New York, kuanzia 1825.

Wanawake hawakuwa na nafasi humo kwa sababu rahisi: vyuo vingi havikuwapokea. Katika chuo cha wanawake cha Wesleyan mjini Macon, Georgia, viliundwa vyama viwili vya kifasihi mnamo 1851 na 1852 ambavyo leo hujulikana kama Alpha Delta Pi na Phi Mu. Kisha vyuo vya mchanganyiko vikafungua milango, na wasichana wachache wakajikuta miongoni mwa wavulana wengi ambao hawakuwataka. Januari 27, 1870, katika chuo kilichoitwa Indiana Asbury, ambacho leo ni DePauw, ikazaliwa Kappa Alpha Theta. Kwa mujibu wa simulizi ya chama chenyewe, Bettie Locke, mmoja wa wasichana wa kwanza kusajiliwa chuoni humo, aliombwa na wanachama wa frateniti moja avae beji yao kama ishara ya urafiki. Akauliza iwapo angepewa pia haki za mwanachama. Alipojibiwa la, aliikataa beji hiyo, akaanzisha chama chake pamoja na wenzake watatu.

Neno sororiti lenyewe lilikuja baadaye. Gamma Phi Beta, iliyoundwa katika Chuo Kikuu cha Syracuse mnamo 1874, ilipewa jina hilo na mwalimu wa Kilatini aliyeona kwamba kuwaita wanawake frateniti ni kuvunja sarufi. Mnamo 1902 vyama hivyo viliunda baraza lao la kitaifa, National Panhellenic Conference, ambalo leo lina sororiti 26.

Milango iliyofungwa

Wanawake hao walioukimbia ubaguzi wa wanaume hawakuona tabu kuwabagua wenzao. Kwa miongo mingi sororiti nyingi ziliwakubali Wazungu Waprotestanti peke yao, baadhi zikiandika hivyo katika katiba zao na nyingine zikitegemea maelewano ya kimyakimya. Wasichana Wayahudi walianzisha vyao, ikiwamo Alpha Epsilon Phi katika Chuo cha Barnard, New York, mnamo 1909. Wakatoliki wakaanzisha Theta Phi Alpha huko Michigan mnamo 1912. Chuo cha Swarthmore, Pennsylvania, kilipiga marufuku sororiti mnamo 1933 baada ya wanafunzi wa kike wenyewe kupiga kura, na suala la Wayahudi kukataliwa lilikuwa kiini cha mjadala huo.

Kwa wasichana Weusi hapakuwa hata na cha kujadili. Ndipo Januari 15, 1908, katika Chuo Kikuu cha Howard jijini Washington, kundi la wanafunzi likiongozwa na Ethel Hedgeman lilipoanzisha Alpha Kappa Alpha, sororiti ya kwanza ya wanawake Weusi. Rangi zake ni waridi na kijani cha tufaha, na atakayehudhuria mkutano wake wowote hadi leo atadhani ameingia kwenye bustani.

Miaka minne tu ilipita kabla ya mfarakano. Wanachama 22 waliokuwa bado chuoni walitaka kubadili jina na alama, na zaidi ya yote walitaka chama kijitose katika siasa za nchi. Nellie Quander, aliyekuwa amekwisha kuhitimu, alipinga, akawapa muda wabadili nia. Hawakubadili. Januari 13, 1913, wakaunda Delta Sigma Theta, naye Quander akakimbilia kukisajili kisheria chama cha awali ili kisije kikavunjwa tena. Kazi ya kwanza ya Delta hadharani haikuwa dansi wala chai. Machi 3, 1913, siku moja kabla ya Woodrow Wilson kuapishwa kuwa rais, wasichana hao waliandamana jijini Washington pamoja na maelfu ya wanawake kudai haki ya kupiga kura, katika maandamano ambayo baadhi ya waandalizi walitaka Weusi watembee nyuma kabisa.

Zeta Phi Beta ilifuata hapo hapo Howard mnamo Januari 16, 1920. Sigma Gamma Rho iliundwa Novemba 12, 1922, jijini Indianapolis na walimu saba wa shule, katika jimbo ambalo wakati huo kundi la kibaguzi la Ku Klux Klan lilikuwa na nguvu nyingi. Sororiti hizo nne pamoja na frateniti tano za Weusi ndizo huitwa Divine Nine, yaani Tisa Takatifu. Baraza lao, National Pan-Hellenic Council, liliundwa Howard mnamo 1930.

Yafaa kusimama kidogo hapa, kwa kuwa vyama hivi havifanani na picha ya sinema ya Hollywood ya wasichana wanaochezeana mito vyumbani. Kuanzia 1935 hadi 1942, Alpha Kappa Alpha ilipeleka wauguzi, walimu na madaktari katika mashamba ya pamba ya Mississippi kila msimu wa kiangazi, wakiongozwa na Dkt Dorothy Boulding Ferebee. Wenye mashamba walipowazuia wafanyakazi wao Weusi wasifike kliniki, wanawake hao waliigeuza kliniki ikawafuata mashambani kwa magari yao wenyewe. Watoto walichanjwa dhidi ya ndui na dondakoo katika vijiji ambavyo havikuwahi kumwona daktari. Ni mradi unaostahili kufahamika kuliko unavyofahamika.

Mkono wa vyama hivyo ulifika Afrika pia. Zeta Phi Beta ilifungua tawi nchini Liberia mnamo 1948. Na katika miaka ya 1960, Delta Sigma Theta ilichangia huduma za akina mama kujifungua mjini Thika, katika hospitali ambayo leo hujulikana kama Mary Help of the Sick. Wengi wanaopita mji huo kila siku hawajui kwamba sehemu ya historia yake ya afya ilichangiwa na wasichana wa chuo wa Marekani.

Udada usiostaafu

Katika sororiti nyingi za Wazungu, uanachama huwa na uzito zaidi katika miaka minne ya chuo. Baadaye hubaki kumbukumbu, harusi na michango. Kwa Weusi mambo ni kinyume. Matawi ya wahitimu ndiyo uti wa mgongo, na mwanamke anaweza kualikwa kujiunga akiwa na miaka 40, akiwa tayari ni daktari au hakimu. Majina yaliyomo yanatosha kueleza mengi: mbunge Shirley Chisholm alikuwa wa Delta, mwandishi Zora Neale Hurston wa Zeta, mwigizaji Hattie McDaniel wa Sigma Gamma Rho, na Katherine Johnson, mwanahisabati aliyekokotoa safari za vyombo vya NASA, wa Alpha Kappa Alpha.

Kamala Harris alijiunga na Alpha Kappa Alpha akiwa Howard mnamo 1986. Alipokuwa Makamu wa Rais, na kisha mgombeaji wa urais mnamo 2024, alihutubia mkutano mkuu wa chama chake jijini Dallas mwezi Julai, kisha wa Zeta Phi Beta Indianapolis katika siku za kwanza kabisa za kampeni yake, na wa Sigma Gamma Rho huko Houston. Alishindwa uchaguzi huo, lakini hakuna mwanasiasa yeyote aliyeonyesha waziwazi kiasi hicho kwamba mtandao wa udada ni mtaji. Vyama hivi pia vimejifunza kuweka pesa pamoja: Alpha Kappa Alpha ilipata leseni mnamo 2023 ya kuendesha chama cha akiba na mikopo kwa wanachama wake. Mkenya yeyote mwenye kadi ya Sacco ataelewa mara moja.

Namna ya kuingia

Njia ni mbili, na anayezichanganya huumia.

Ya kwanza ni ile ya sororiti 26 za baraza la 1902. Hufanyika hadharani na kwa ratiba, kwa kawaida juma moja kabla ya muhula kuanza, ingawa vyuo vingine huahirisha hadi Januari ili wasichana wapate kwanza kuzoea masomo. Msichana hujisajili na kulipa kiingilio. Siku ya kwanza huzungushwa nyumba zote, dakika chache kila moja. Milango hufunguliwa kwa nyimbo na vifijo, mwenyeji humchukua mgeni mmoja na kuzungumza naye, kisha humpokeza kwa mwenzake, na mwingine, kwa mpangilio uliofanyiwa mazoezi kwa siku nyingi. Maongezi huonekana ya kirafiki. Kwa kweli ni mahojiano ya kazi. Usiku wanachama hupiga kura, wasichana nao hupanga nyumba walizozipenda kwa daraja, na asubuhi kila mmoja hupewa orodha ya zilizomrudisha. Orodha hupungua siku hadi siku. Wapo wanaoamka wakakuta imebaki tupu.

Usiku wa mwisho huwa wa taratibu, mishumaa na machozi, na msichana hubaki na nyumba mbili au moja. Hapo hutia saini fomu ambayo wengi huisoma harakaharaka ilhali ndiyo yenye uzito kuliko yote. Kwa saini hiyo anakubali kwamba akipewa mwaliko na nyumba aliyoiandika kisha akaukataa, hataweza kujiunga na sororiti nyingine ya baraza hilo chuoni humo hadi msimu mkuu unaofuata. Kesho yake bahasha hufunguliwa kwa pamoja na mamia ya wasichana hutimka mbio kuelekea nyumba zao mpya. Baada ya majuma kadhaa ya uanagenzi, ambapo kila mgeni hupewa dada mkubwa wa kumwongoza, huapishwa.

Njia ya pili ni ya sororiti za Weusi, nayo ni kinyume karibu katika kila kitu. Hakuna foleni wala vifijo. Msichana anayetaka kujiunga hatakiwi kulitangaza jambo hilo. Akilipigia mbiu, amejiharibia. Hutarajiwa kuhudhuria shughuli za chama za hadhara, kujitolea katika jamii, na kuonekana bila kujionyesha. Mwanafunzi wa muhula wa kwanza kwa kawaida haruhusiwi, kwani huhitajika kwanza kuwa na alama za chuo, aghalabu wastani wa 2.5 au zaidi katika kipimo cha 4. Tawi likiamua kupokea wanachama, na huenda ikapita miaka kadhaa bila kuamua hivyo, hutangaza kikao kimoja cha habari. Yafuatayo ni barua za mapendekezo, mahojiano na kura.

Walioapishwa hutambulishwa kwa onyesho mbele ya chuo kizima: hutokea wamepanga mstari, nyuso zimefunikwa, wakikariri historia ya chama neno kwa neno, kisha hufunuliwa mmoja baada ya mwingine huku umati ukipiga mayowe. Huandamana na step, dansi ya kukanyaga chini na kupiga makofi kwa mdundo mmoja bila ngoma. Anayeitazama mara ya kwanza hufikiria wachimba migodi wa Afrika Kusini na dansi yao ya mabuti, na hajakosea sana kulinganisha. Kundi la Step Afrika! liliundwa mnamo 1994 kwa ushirikiano wa wasanii wa Washington na wa Soweto. Wasomaji wa Pwani nao huenda wakakumbuka walivyosimuliwa na bibi zao kuhusu vyama vya lelemama vya Mombasa, vilivyokuwa na vyeo, sare na mashindano makali ya vijembe.

Gharama

Udada una risiti. Katika vyuo vikubwa vya kusini, mwanachama anayeishi ndani ya nyumba ya sororiti hulipa maelfu ya dola kila muhula, chakula na malazi vikiwamo. Asiyeishi humo hulipa pungufu, lakini bado ni pesa nyingi. Juu ya hapo pana fulana, nguo za sherehe, zawadi kwa dada mdogo, michango ya hisani, na faini kwa kukosa mikutano. Sororiti za Weusi kwa kawaida hazina majumba, hivyo gharama yake kubwa huwa ni ada ya kuingizwa, mamia ya dola au zaidi ya 1,000, na ada za kila mwaka baadaye.

Kwa mwanafunzi kutoka Kenya hesabu hii ina kikwazo cha pekee. Mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa juma wakati wa muhula, tena ndani ya chuo. Mshahara huo mdogo ndio huo huo unaotegemewa kwa vitabu, simu na pengine kumtumia nyumbani mdogo wake karo. Saa pia ni mali: mikutano ya kila juma, mazoezi na shughuli za hisani hula jioni ambazo angezitumia kusoma au kupanga vitabu maktabani kwa malipo. Anayefikiria kujiunga hana budi kuomba karatasi ya gharama zote za mwaka mzima kabla ya kutia saini popote. Chama kinachosita kuitoa kimekwisha kujieleza.

Siri ya mateso

Linalowatisha wazazi zaidi, na kwa haki, ni mateso wanayofanyiwa wanagenzi. Aliyepitia bweni la shule ya upili humu nchini hahitaji maelezo marefu. Anamkumbuka mono wa kidato cha kwanza aliyelazimishwa kubeba masanduku ya wakubwa na kufua soksi zao. Tofauti ni kwamba mono hakuwa na hiari, ilhali mwanagenzi wa Marekani huvumilia kwa sababu anataka sana kukubaliwa, na baadaye hunyamaza kwa sababu amekubaliwa. Katika majimbo mengi sheria inasema kuridhia kwa mteswaji si utetezi.

Frateniti zina rekodi mbaya zaidi, hasa kwa pombe ya kulazimishwa. Vifo viwili vya wanafunzi wa kiume mnamo 2017, kimoja Pennsylvania na kingine Louisiana, vilisababisha majimbo hayo kupitisha sheria kali mwaka uliofuata. Hata hivyo wasichana nao hawajasalimika. Mnamo Septemba 2002, wanawake wawili vijana walizama baharini jijini Los Angeles usiku, katika tukio ambalo familia zilidai mahakamani lilikuwa sehemu ya kuwajaribu waliotaka kujiunga na sororiti. Mateso ya wasichana mara nyingi hayaachi alama mwilini: kunyimwa usingizi, kutukanwa, kutengwa, kuambiwa kasoro za mwili wako mbele ya wenzako.

Vyama vinane vya Weusi vilifuta rasmi uanagenzi wa zamani mnamo 1990 na kuweka utaratibu mfupi wa kufundisha historia. Nia ilikuwa njema. Matokeo yake ni kwamba katika baadhi ya matawi mateso yaliingia chini ya ardhi, na yule aliyepita njia halali akaanza kudharauliwa na kuitwa karatasi, kwamba ameingia kwa fomu na si kwa jasho. Hapo ndipo msichana hujaribiwa kweli, kwani kinachouzwa gizani ni heshima ambayo tayari ameilipia mchana.

Desemba 2024, Rais Joe Biden alitia saini sheria ya kitaifa inayovilazimu vyuo kuhesabu visa vya mateso katika ripoti zao za usalama za kila mwaka na kuchapisha majina ya vyama vilivyopatikana na hatia. Kwa mara ya kwanza mzazi aliye Eldoret anaweza kufungua tovuti ya chuo na kutafuta jina la chama ambacho bintiye amekitaja.

Pana jambo lingine ambalo wageni hawalioni mapema. Sororiti 26 za baraza la 1902 haziruhusu pombe ndani ya nyumba zao. Laonekana jambo la kusifiwa, na kwa usafi wa mazulia bila shaka ni hivyo. Lakini maana yake ni kwamba karamu hufanyika katika nyumba za frateniti, ambako wavulana ndio wanaoamua nani aingie, nini kinywewe na taa zizimwe saa ngapi. Wanachama wenyewe wamelilalamikia jambo hilo kwa miaka mingi.

Rangi na damu

Sheria ya 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu ilirekebishwa mnamo 1974 ili kuruhusu vyama hivi kuendelea kuwa vya jinsia moja. Kuhusu rangi hakuna ruhusa kama hiyo, ila mazoea yana maisha marefu. Mnamo Septemba 2013, gazeti la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Alabama, Crimson White, lilifichua kwamba msichana Mweusi mwenye alama za juu na familia mashuhuri alikataliwa na sororiti zote za Wazungu, na kwamba katika baadhi ya nyumba wanafunzi walimtaka ila wahitimu wakaingilia kati. Rais wa chuo, Judy Bonner, aliagiza usajili ufunguliwe upya. Ilikuwa nusu karne tangu wanafunzi Weusi waingie chuoni humo chini ya ulinzi wa wanajeshi.

Vyama vya Weusi navyo vimelaumiwa kwa kupendelea wenye ngozi nyeupe nyeupe na wazazi wenye digrii. Mwelekezi Spike Lee aliliweka jambo hilo wazi katika filamu yake School Daze ya 1988. Na mnamo 2020, vuguvugu la kutaka maisha ya Kigiriki yafutwe kabisa lilianzia Chuo Kikuu cha Vanderbilt, likiongozwa na wanachama waliojiuzulu. Vyama havikufutwa, lakini sororiti nyingi ziliacha kuwapendelea mabinti na wajukuu wa wanachama, upendeleo ambao kwa vizazi vingi uliwafungia nje wasio na mama aliyetangulia.

Mkenya mlangoni

Wakenya wamekuwa wakienda katika vyuo vya Marekani kwa wingi tangu Septemba 1959, ndege ya kwanza iliyopangwa na Tom Mboya ilipoondoka na wanafunzi 81. Swali la Mkenya awe wapi katika ramani ya rangi ya Marekani halikujibiwa na ndege hiyo. Katika sororiti ya Wazungu huenda akawa Mwafrika pekee kwenye picha ya mwaka. Katika sororiti ya Weusi hukuta historia ya maumivu ambayo si ya nyanya yake, ingawa majirani zake hudhani ni yake. Baadhi wamepata huko dada wa kweli waliowasimamia wakati wa msiba ulipotokea nyumbani na tiketi ya ndege ikakosekana. Wengine wameona chama cha wanafunzi Waafrika, ambacho hakina kiapo wala ada kubwa, kinawatosha.

Suala la kiapo huwasumbua wengi. Nchi iliyoundiwa tume ya rais ya kuchunguza ibada za shetani mnamo 1994, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, haiwezi kulisikia neno chama cha siri bila kushtuka. Ukweli ni kwamba ibada za sororiti nyingi zilitungwa na wasichana Wakristo wa karne ya 19 na mwanzo wa 20, na zimejaa Biblia kuliko uchawi; siri yenyewe huwa ni kaulimbiu, salamu ya mkono na maneno ya kuapishwa. Hata hivyo wapo wahitimu Weusi waliojiuzulu hadharani wakisema kiapo kile kinapingana na imani yao. Msichana Mwislamu, au Mkristo ambaye kanisa lake linakataza viapo, ana haki ya kuuliza mapema iwapo maneno yanaweza kubadilishwa. Baadhi ya matawi hukubali kulizungumzia, mengine hukataa katakata.

Anayetaka kutoka naye ana utaratibu wake. Kabla ya kuapishwa, mwanagenzi wa sororiti za baraza la 1902 huandika barua na kurudisha beji ya muda, kisha husubiri msimu unaofuata akitaka kujaribu kwingine. Baada ya kuapishwa anaweza kujiuzulu, lakini hataruhusiwa tena kujiunga na sororiti nyingine yoyote kati ya zile 26, katika chuo chochote, maishani mwake. Beji ya dhahabu, ambayo pengine aliinunua kwa pesa zake, katika vyama vingi huhesabiwa kuwa mali ya chama, na huandikiwa airudishe kwa posta.